Salio la Ziada katika Ankara ya Maji

Mteja anapolipa zaidi ya kiasi kilichoandikwa katika ankara, fedha iliyozidi huendelea kuwa haki yake. Mtoa huduma hapaswi kuihesabu kuwa mapato, kwa kuwa bado hajatoa maji ya thamani hiyo. Katika vitabu vya hesabu huandikwa upande wa madeni: mtoa huduma ndiye anayedaiwa.

Tuchukue mfano wa mteja wa Nkuhungu, jijini Dodoma, mwenye ankara ya shilingi 14,800, ambaye kwa kugeuza tarakimu analipa 41,800. Shilingi 14,800 zinafuta deni la mwezi. 27,000 zinabaki kuwa salio la ziada. Ankara inayofuata ikiwa 16,500, hatalipa kitu, na salio litashuka hadi 10,500. Ya tatu ikifika 20,000, atadaiwa 9,500 tu.

Salio hilo aghalabu huonyeshwa kwa alama ya kutoa. Wapo wanaoiona alama hiyo wakadhani ni deni, wakalipa tena, na salio likazidi kukua. Kabla ya kulipa, tazama mstari wa salio lililotangulia.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni la wapangaji, ambao wameongezeka Dodoma tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa kasi mwaka 2016. Hesabu za maji hufuata akaunti, hazimfuati aliyetoa fedha. Akaunti ikiwa kwa jina la mwenye nyumba, salio lililoachwa na mpangaji litamfaidi anayeingia baada yake. Kwa hiyo tunashauri mpangaji anayehama aombe dira isomwe siku ya mwisho, apate taarifa ya akaunti, kisha akubaliane na mwenye nyumba kwa maandishi namna atakavyorudishiwa fedha yake. Mwenye akaunti anayeifunga aombe mwenyewe marejesho kwa barua, akiambatisha stakabadhi za malipo, asingoje kuitwa.

Ikiwa salio halionekani katika ankara inayofuata, wasilisha malalamiko kwanza kwa mtoa huduma, ambaye kwa wakazi wa jiji ni DUWASA, na utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika na majibu, unaweza kuyafikisha EWURA. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, husaidia kuandaa malalamiko hayo.