Hewa ya Kushindiliwa: Je, Gari Lenye Supachaja Hustahili Bei Yake?

Gari liitwalo Dodge Challenger SRT Hellcat lilipoanza kuuzwa Marekani kama toleo la mwaka 2015, lilikuwa na injini ya lita 6.2 yenye uwezo wa nguvu farasi 707, na bei yake ilikaribia dola 60,000. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2023. Ni gari la ile jamii ambayo Wamarekani huiita magari ya misuli: bodi nzito, injini kubwa, na magurudumu ya nyuma peke yake ndiyo yanayosukuma. Vijana wengi wa sekondari huzipenda picha zake, ijapokuwa halikutengenezwa kamwe na usukani wa upande wa kulia. Swali ambalo huzuka katika mabishano yao ni hili: je, fedha zote hizo hununua mwendo, ama hununua sifa tu?

Swali hilo hujibika kwa fizikia ya kidato cha tatu. Nangara, katika mji wa Babati, ni mahali pazuri pa kulijibia, kwa kuwa mji huo uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa barabara za Arusha, Singida na Dodoma hukutana hapo, hivyo malori ya kila aina hupita.

Injini ya gari hula hewa kuliko inavyokula petroli. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue barabara. Kuongeza petroli ni kazi rahisi. Kinachoweka mpaka wa uwezo wa injini ni uzito wa hewa inayoingia katika silinda kila pistoni inaposhuka. Ipo njia ya kupanua silinda, na ipo njia ya kuishindilia hewa kabla haijaingia. Chombo cha kushindilia kikizungushwa kwa mkanda na injini yenyewe, huitwa supachaja. Kikizungushwa na moshi unaotoka kwenye ekzosi, ndicho kile ambacho mafundi wa gereji hukiita tabo. Mashine ya kusukuma hewa ya ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, ilipata hataza mwaka 1860, kabla magari hayajakuwako. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya kutumia moshi wa injini mwaka 1905.

Supachaja ya Hellcat huongeza kanieneo la hewa kwa kiasi cha kilopaskali 80 juu ya lile la kawaida. Kazi hiyo haifanywi bure. Injini inapokuwa katika mwendo wa juu kabisa, kuuzungusha mtambo huo peke yake hula zapata nguvu farasi 80, yaani uwezo wote wa gari dogo la familia. Kuhusu mafuta, msomaji aweza kupiga hesabu mwenyewe. Nguvu farasi moja ni wati 746. Hivyo nguvu farasi 707 ni kilowati 527. Ikiwa robo tu ya nishati ya petroli ndiyo inayogeuka kuwa kazi, na lita moja ina megajouli 32 hivi, injini itakunywa karibu lita 4 kwa dakika. Tangi la lita 70 halitafikisha dakika 18.

Sasa kuhusu bei. Katika mwaka uleule wa 2015 kiwanda hicho kiliuza Challenger nyingine mbili zisizo na supachaja: moja ya nguvu farasi 375 kwa takriban dola 31,500, na nyingine ya nguvu farasi 485 kwa takriban dola 45,000. Ukigawanya bei kwa uwezo, ya kwanza hutoa dola 84 kwa kila nguvu farasi, ya pili dola 93, na Hellcat dola 85. Kwa hesabu hiyo Hellcat si ghali hata kidogo, na hii ndiyo hoja ipendwayo na wanaolitetea.

Kasoro ya hoja hiyo iko chini ya matairi. Injini haisukumi gari moja kwa moja. Huzungusha magurudumu, na magurudumu husukuma ardhi kwa msuguano. Kani ya msuguano ina kikomo, nacho ni zao la kizigeu cha msuguano na uzito unaolalia magurudumu yanayosukuma. Hellcat lina uzito wa takriban kilo 2,020. Lihesabiwe kwa ukarimu: lami kavu, kizigeu cha 1.0, na asilimia 65 ya uzito ikiwa imelalia nyuma kwa sababu gari linachapuka. Kani kubwa kabisa inayowezekana ni

0.65 × 2,020 × 9.8 = newtoni 12,900 hivi.

Uwezo ni kani mara mwendo. Katika kilometa 60 kwa saa, yaani mita 16.7 kwa sekunde, ardhi inaweza kupokea kilowati 215 tu, ambazo ni nguvu farasi 288. Katika kilometa 100 kwa saa itapokea nguvu farasi 480. Ukiacha upotevu wa kwenye giaboksi, nguvu farasi zote 707 zitapata kazi ya kufanya gari likishapita kilometa 147 kwa saa. Kabla ya hapo dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, ziada hugeuka kuwa moshi wa matairi.

Hesabu hii hukubaliana na takwimu za kiwanda. Kulifikisha gari la uzito huo maili 60 kwa saa, ambazo ni kilometa 96.5, huhitaji nishati ya kilojouli 726. Kama kilowati 527 zingefanya kazi tangu mwanzo, sekunde 1.4 zingetosha. Kiwanda chenyewe hutaja sekunde 3.6. Toleo jingine la mwaka 2018, liitwalo Demon, lilitajwa kufanya hivyo kwa sekunde 2.3, nalo halikutegemea nguvu farasi 840 pekee: liliwekewa matairi maalumu ya mashindano ya mbio fupi.

Basi bei igawanywe tena, safari hii kwa uwezo unaotumika katika kilometa 100 kwa saa. Hellcat ni dola 125 kwa kila nguvu farasi. Lile la 485 ni dola 94. Lile la 375 ni dola 84 zilezile. Na barabara ikiwa ya changarawe, yenye kizigeu cha 0.5, asilimia 60 ya uzito ikilalia nyuma, gari la uzito huo likiwa katika kilometa 60 kwa saa haliwezi kutumia zaidi ya nguvu farasi 130 hivi, liwe na supachaja lisiwe nayo. Hapo mnunuzi amelipa dola 460 kwa kila nguvu farasi anayoitumia.

Mwinuko nao una neno. Kanieneo la hewa pwani ni kilopaskali 101. Nangara ni karibu 86. Joto likiwa sawa, kila lita ya hewa ya Nangara ina upungufu wa asilimia 15 ya uzito, na injini ya kawaida hupoteza uwezo kwa kadiri hiyohiyo. Wengi hudhani kwamba supachaja huponya upungufu huu. Haiponyi, ikiwa ni ile ya mkanda. Mkanda na puli huifunga izunguke kwa uwiano usiobadilika na injini. Huishindilia hewa mara 1.8, lakini mara 1.8 ya 86 ni 155, si 181. Hellcat likifika Babati litakuwa na nguvu farasi 600 hivi.

Tabo hutenda kwa namna nyingine. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, tabo yaweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kulijazia pengo, mradi kikomo cha kasi yake hakijafikiwa. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Marekani, kiasi cha mita 4,300. Injini iliyotoa nguvu farasi 350 bondeni ilitoa 230 kileleni. Ilipofungwa tabo ilitoa 356.

Hapa ndipo malori yapitayo Nangara yanapostahili kutazamwa. Lichukuliwe lori la dizeli, pamoja na mzigo wake wa mbolea ya fosfeti kutoka Minjingu, lenye uzito wa tani 40, likipanda mwinamo wa mita 5 katika kila mita 100. Kani ya kulivuta, pamoja na ukinzani wa matairi, ni newtoni 23,500. Likiwa na tabo na kilowati 220 zinazofika magurudumuni, litapanda kwa kilometa 34 kwa saa. Injini ya ukubwa uleule isiyo na tabo ikadiriwe kuwa na kilowati 140 pwani. Hapa zitabaki 119, na mwendo utakuwa kilometa 18 kwa saa. Kilometa 10 za mlima zitachukua dakika 33 badala ya 18. Matairi hayaleti kikwazo: yakiwa yamelaliwa na tani 16 kwenye ekseli za kusukuma, juu ya lami kavu yanaweza kumudu kani zaidi ya mara nne ya hiyo. Kila kilowati iliyonunuliwa hutumika, tena kwa saa nyingi kila juma.

Mashindano ya Safari Rally huko Kenya yalitoa funzo la aina hii mwaka 1983. Ari Vatanen alishinda akiendesha Opel Ascona 400 isiyo na tabo, mbele ya Audi Quattro zenye tabo na magurudumu manne ya kusukuma. Mwaka uliofuata Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica yenye tabo. Kati ya miaka hiyo miwili sheria za fizikia hazikubadilika. Katika mashindano ya vumbi, joto na mawe, uimara wa mtambo huhesabiwa pamoja na uwezo wake.

Uimara ndio unaopaswa kumfikirisha mwalimu au mfanyabiashara wa Babati anayetaka kununua gari dogo lililotumika kutoka Japani, lenye tabo au lisilo nayo. Tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikichelewa kubadilishwa, au chujio la hewa likipitisha vumbi, beringi huisha. Mwenye safari za mjini, penye kikomo cha kilometa 50 kwa saa na matuta kila hatua, hatapata nafasi ya kuitumia ziada aliyoilipia. Mwenye kupanda na familia na mizigo kila juma kuelekea Bereku atapata.

Wanafunzi wanaweza kulipima jambo hili wenyewe. Wachague mlima wa lami, wapime mita 50 kando ya barabara, na kwa mpira wa maji wapime tofauti ya kimo kati ya ncha mbili. Mwalimu ahakikishe kwamba wapimaji wote wamesimama mbali na ukingo wa lami. Ikiwa kimo ni mita 2, na lori la tani 20 limepita kwa sekunde 6, uwezo uliotumika kuupandisha uzito ni 20,000 × 9.8 × 2 ÷ 6, yaani kilowati 65 hivi. Gari dogo la tani moja na nusu, likipanda hapohapo kwa kilometa 50 kwa saa, litapita kwa sekunde 3.6. Jibu lake ni kilowati 8, au nguvu farasi 11.