Wake wa Askari Waliovuka Ruvuma

Leo tusome habari za akina mama wa vitani.

Novemba 1917 jeshi la Wajerumani lilikuwa limebanwa huku kwetu kusini. Mkubwa wake, Lettow-Vorbeck, alipitia Newala, na tarehe 25 akavuka mto Ruvuma kule Ngomano. Alikuwa na askari Waafrika wapatao 1,700. Askari wa jeshi hilo walikuwa wageni kwetu. Wa kwanza waliletwa kwa meli kutoka Misri mwaka 1889. Baadaye wengi walitoka Unyamwezi na Usukuma.

Wake zao walifuata nyuma. Walibeba vyungu, walitwanga, walipika. Wengine walijifungua njiani, na safari ikaendelea! Je, wote walipenda kwenda? Hapana. Wapo walioolewa kwa mahari wakafuata waume zao kwa hiari. Wapo pia waliotekwa vijijini kwa nguvu. Hiyo sisi hatuiiti ndoa.

Vita vilikwisha Novemba 1918. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa mishahara yao askari wazee waliokuwa hai. Mama aliyewapikia hakuwa askari, basi hakuwamo katika hesabu hiyo.

Siku hizi ipo Sheria ya Ndoa ya 1971. Inataka hiari ya wote wawili, na ndoa iandikishwe. Ukiolewa na mwanajeshi wa ng'ambo, usome jina lako kwenye cheti kabla ya kutia sahihi. Nakala moja ikae kwako, siyo yote kwenye begi la mume.

Tujadiliane: Cheti cha ndoa kingemsaidia nini mama wa 1917? Kisingemsaidia nini?