Kwa nini mgonjwa wa kansere anarudishwa kwa sindano?

Siku tulipofundisha kugawanyika kwa seli, mmoja wa mwaka wa tatu alituuliza swali zito. Kwao kuko mtoto mwenye uvimbe wa taya. Alipigwa sindano, uvimbe ukayeyuka, na jamaa wanasema: amepona, feza ya safari imeisha, abaki nyumbani. Munganga anasema arudi. Nani mwenye haki?

Tuanze na seli. Inapotaka kuzaa ingine haifanyi mara moja, inapita vipindi vine. Katika G1 inakula na kukomaa. Katika S inaandika ADN yake mara ya pili. Katika G2 inachunguza ile kazi na kutengeneza palipoharibika. Katika M inajigawa. Howard na Pelc walionyesha vipindi hivi katika mwaka wa 1953, na walivichunguza katika mizizi ya maharagi, si katika mtu! Seli ya mtu yenye kugawanyika mbio inazunguka kwa saa 24 hivi: G1 kama saa 11, S saa 8, G2 saa 4, M saa 1 tu. Kuko na zenye kutoka katika duara na kulala. Kipindi kile kinaitwa G0.

Sasa dawa. Vinkristini inatoka katika ua la Madagascar, lile la rangi ya waridi ao nyeupe lenye kupandwa mbele ya nyumba mingi. (Musichemshe majani yake, ni sumu, kipimo ni kazi ya munganga.) Inazuia nyuzi zenye kuvuta kromozomu pande mbili zisijengwe. Seli inakwama katika M, inakufa. Metotreksati inangojea katika S: inafunga njia ya asidi foliki, na seli inakosa vifaa vya kuandika ADN. Bleomisini inafanya zaidi katika G2. Siklofosfamidi yenyewe haichagui sana, inaharibu ADN wakati wowote.

Basi munaona matata. Vinkristini inapofika, kati ya seli 24 karibu moja tu iko katika M. Dawa inadumu saa nyingi na kukamata zingine zikifika pale, lakini si zote, na zenye kulala hazifiki kabisa. Ndiyo sababu waganga wanachanganya dawa za vipindi mbalimbali, tena wanarudilia.

Uvimbe ule wa taya ulielezwa na Denis Burkitt, munganga wa kupasua katika Kampala, katika mwaka wa 1958. Seli zake karibu zote ziko kazini, kwa hiyo dawa inazipiga vikali na uvimbe unayeyuka upesi. Lakini unaweza kujiongeza mara mbili kwa siku moja ao mbili. Tuseme zimebaki seli milioni moja: zote pamoja hazina uzito wa punje ya mchele, hakuna mkono utakaozigusa. Zikijiongeza kila siku mbili bila kufa, baada ya siku 20 ni karibu milioni elfu moja, ni kusema gramu moja ya uvimbe mupya. Munganga ndiye mwenye haki.

Na kwa nini asipige sindano zote juma moja? Kwa sababu seli za mizizi ya nywele, za matumbo na za uboho wa mifupa nazo zinagawanyika mbio, na dawa haijui kutofautisha. Nywele zinaanguka, zitaota tena. Uboho ndio wa kuogopwa: damu ikipunguka, mtoto anakamatwa na magonjwa mengine. Wanapima damu yake, wanangojea seli za uboho zilizolala ziamke na kujaza pengo, kisha wanapiga tena.

Zoezi kwa mwaka wa tatu: katika seli 1.200 zenye kuzunguka bila kufuatana, ngapi hivi ziko katika S sasa hivi? Ni dawa gani itakayozipata?