Kumsaidia Mgeni Katika Mchezo wa Minecraft

Katika somo hili twataka kuangalia jambo ambalo vijana wetu walijua kuliko wazee wao, nalo ni mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Wazee wengine watauliza, Je, mchezo wa watoto una mafundisho gani hata upewe nafasi katika ukurasa huu? Twawajibu hivi: Popote palipo na mtu ajuaye na mtu asiyejua, na yule asiyejua aweza kupoteza kazi ya mikono yake, hapo pana haja ya kujifunza namna ya kusaidia. Tena kusaidia si jambo jepesi kama lionekanavyo. Yuko asaidiwaye akaendelea vema, na yuko asaidiwaye akauacha mchezo siku ile ile.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe kwa ajili ya wasioujua. Mwanzilishi wake ni Markus Persson wa nchi ya Uswidi, ambaye aliutoa kwa watu mara ya kwanza mwaka 2009. Ukatolewa ukiwa kamili mwezi wa Novemba 2011. Mwaka 2014 Microsoft ilikubali kuinunua Mojang, kampuni iliyoutengeneza, na hata ilipofika mwaka 2023 nakala zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 300. Mchezaji hujikuta katika nchi pana yenye misitu, mito, milima na mapango, na kila kitu kimefanywa kwa matofali ya mraba. Hana shoka, hana chakula, hana nyumba. Hukata mti kwa mikono mitupu, na kwa mti huo huanza maisha yake. Wachezaji wengi waweza kuingia katika nchi moja kwa njia ya intaneti, wakajenga na kulima pamoja. Iko pia namna nyingine ya kucheza ambayo mtu hupewa vitu vyote bure, lakini hiyo haihusu somo letu. Sisi twasema habari za ile namna ambayo mtu hana budi kutafuta riziki yake na kujilinda.

Siku moja ya mchezo huu ni dakika 20. Mchana ni kama dakika 10, usiku ni kama dakika 7, na zilizosalia ni machweo na mapambazuko. Basi mgeni aingia asubuhi, naye hajui ya kuwa ana dakika kumi tu. Usiku ukiingia hutokea maadui: zombi wenye kumwandama mtu, mifupa yenye kupiga mishale, buibui wakubwa, na yule aitwaye kripa, ambaye huja kimya kimya, akifika karibu hulia kama utambi uliowashwa, na baada ya sekunde moja na nusu hupasuka, akavunja ukuta pamoja na mwenye ukuta. Kukipambazuka zombi na mifupa huungua kwa jua, lakini kripa haungui. Kwa hiyo mgeni afunguaye mlango kwa furaha aweza kumkuta kizingitini. (Watoto hucheka wakisikia ya kuwa adui huyu humwogopa paka, lakini ndivyo ilivyo.)

Mchezaji wa zamani amwonapo mgeni wa namna hii, moyo wake humsukuma kumpa vitu. Ana kasha lililojaa almasi. Humpa upanga wa almasi, mavazi ya almasi na sululu ya almasi, kisha huenda zake akijiona ametenda wema. Twauliza, amempa nini? Mgeni hajui bado kama kuna usiku. Hajui ya kuwa akifa, vyote alivyobeba vitaanguka pale pale alipofia. Huenda atakufa kabla ya kupambazuka, na mali ile ya thamani italala porini, naye atabaki na aibu ya kupoteza kitu cha mwenziwe.

Tena mtoaji huyo amemwondolea ngazi ya kupandia. Maana vyombo vya mchezo huu hufuatana: Gogo moja hutoa mbao nne, na mbao nne hufanya meza ya fundi. Kwa mbao tatu na vijiti viwili hupatikana sululu ya mti. Kwa sululu ya mti huchimbwa jiwe. Kwa sululu ya jiwe huchimbwa chuma. Wala almasi haichimbiki ila kwa sululu ya chuma au iliyo bora kuliko hiyo. Kila hatua humpa mtu furaha yake. Aliyeanzishwa na almasi hana la kutafuta, naye huchoka upesi akisema ya kuwa mchezo hauna ladha.

Je, tusimpe kitu? Sivyo. Yako mambo ambayo mtu akiyakosa huharibikiwa na yote, nayo apewe mara moja bila maneno mengi: mkate, mwanga, na mahali pa kulala. Kitanda hutengenezwa kwa sufu tatu za rangi moja na mbao tatu, lakini siku ya kwanza kondoo huenda wasionekane. Hapo mwenye kitanda cha akiba na akitoe. Kitanda ndicho kinachoshika makao ya mchezaji. Aliyekilalia, akifa baadaye, hurudi hapo. Asiye nacho hurudi mahali watu waanziapo katika nchi ile, hata pakiwa mbali mwendo wa siku nzima.

Mambo mengine na ayajifunze kwa mkono wake mwenyewe. Simama kando yake akatapo mti wa kwanza. Mwulize, "Sasa una mbao nne, wadhani zafaa kwa kazi gani?" Akisema ya kuwa hakupata makaa ya mawe ya kuwashia mienge, usimjazie mkoba kwa mienge yako, umwonyeshe ya kuwa magogo yakichomwa katika tanuru hutoa makaa, na ya kuwa kaa moja na kijiti kimoja hutoa mienge minne. Aliyelijua jambo hili jua likiwa linazama, hatalisahau. Tangu mwaka 2017 ndani ya mchezo mna kitabu kidogo kinachoonyesha vitu vinavyotengenezwa na namna yake. Mwonyeshe kilipo, kisha umwache akisome. Twajua ya kuwa huu ni mwendo wa polepole, nao huwachosha wale waliozoea kukimbia, lakini saa hiyo moja ni ya mgeni.

Hata hivyo si kila jambo lafaa kufundishwa kwa kulijaribu. Yako makosa ambayo humwua mtu kabla hajaelewa kilichomwua, na katika hayo mwenye kunyamaza ili mgeni "ajifunze mwenyewe" hamtendei wema. Mwambie mapema asichimbe moja kwa moja chini ya miguu yake, maana huenda chini yake pana pango refu, au mawe yaliyoyeyuka kwa moto, ambayo huunguza mtu na mizigo yake isipatikane tena. Na mtakapokwenda katika ile nchi ya moto iitwayo Nether, mwambie kabla hajavuka asijaribu kulala huko, kwa kuwa kitanda katika Nether hupasuka kwa nguvu nyingi. Nani angeweza kulibuni hilo kwa akili yake? Wako wachezaji wa zamani wanaowaficha wageni habari hii kusudi wapate kucheka. Sisi twaona ni mzaha mbaya.

Yampasa msaidizi pia ayapime maarifa yake mwenyewe, kwa sababu mchezo huu hubadilishwa mara kwa mara. Mfano mmoja utatosha. Zamani maadui waliweza kutokea hata mahali penye mwanga hafifu, ndiyo maana wachezaji wa siku zile walipanga mienge karibu karibu. Tangu mwezi wa Novemba 2021 hutokea penye giza kabisa tu. Mwanga wa mwenge huanza na kipimo cha 14, nao hupungua kwa kipimo kimoja kila tofali moja, hata ukaisha. Basi amfundishaye mgeni kujaza mienge kila hatua tatu amtwika kazi ambayo imekwisha ondolewa. Na mgeni humwamini, kwa kuwa hana mwingine wa kumwuliza.

Sasa tuje kwenye jambo lililo gumu, yaani mgeni anapokufa. Hapo ndipo wengi huuacha mchezo. Mtu amechimba kutwa nzima, amepata chuma chake cha kwanza, kripa amempasua, naye amerudi kitandani mikono mitupu. Vitu vyake vimelala chini, navyo hudumu dakika 5 tu kisha hutoweka. Lakini sikilizeni vema: dakika hizo huhesabiwa wakati mahali pale pana mchezaji karibu. Kama hakuna mtu, sehemu ile ya nchi hulala, na hesabu husimama. Basi rafiki mwenye haraka, akimbiaye kwenda kusimama mahali pa msiba ili "alinde" vitu huku akimngoja mwenyewe afike, ndiye aanzishaye saa ya kuvipoteza. Afanyeje? Mojawapo ya mambo mawili. Ama aviokote vyote mara afikapo, akavirudishe vyote, hata kijiti cha mwisho. Ama akae mbali, amwelekeze mwenyewe njia kwa maneno. Tena kabla ya neno lo lote, na amwulize mgeni kama alizisoma namba za mahali alipokuwa. Kama hakuzisoma, hapo ndipo pa kumfundisha, bila kumkemea. Nasi twaona ni vema zaidi kwenda pamoja naye, mwenge mkononi, kuliko kumletea.

Liko kosa jingine linalotendwa na watu wema, nalo ni kutengeneza cha mtu bila kumwuliza. Mgeni amejenga kibanda cha udongo chenye mlango uliokaa upande. Wewe wakiona ni kibaya. Ametoka kwenda kutafuta chakula, nawe wabomoa ukuta, wajenga wa mawe, wasogeza kitanda mpaka chumba kizuri zaidi. Akirudi hakijui kibanda chake. Na akifa kabla ya kukilalia tena kitanda kile, harudi nyumbani, kwa sababu makao yake yalishikwa na kitanda mahali kilipokuwa kwanza. Hali kadhalika katika shamba: mwenye kurukaruka juu ya ardhi iliyolimwa huirudisha kuwa udongo mtupu, na mwenye kuvuna bila kupanda tena mbegu amekula chakula cha kesho cha mwenziwe. Uliza kwanza. Kibanda cha udongo kinachomlinda mtu usiku kimetimiza kazi yake.

Neno dogo juu ya kulala. Katika nchi yenye wachezaji wengi, desturi ni kwamba usiku haurukwi mpaka wote wamelala. Mmoja akikataa, wote wakesha. Tangu mwaka 2021 mwenye nchi aweza kuagiza ya kuwa sehemu fulani tu ya watu wakilala yatosha. Agizo hilo lafaa penye watu wengi, lakini penye wanne au watano ni afadhali watu waulizane, maana huenda mmoja anautumia usiku kwa kazi yake.

Kwa habari ya nchi nzima kutengenezwa kwa ajili ya kusaidiana, tunao mfano wa Stuart Duncan wa Kanada. Yeye mwenyewe ana usonji, na pia ni baba wa mtoto mwenye usonji. Aliona ya kuwa watoto wa namna hiyo hudhihakiwa na kuharibiwa majengo yao wanapocheza na watu wengine. Hivyo mwaka 2013 akafungua mahali pa kuchezea paitwapo Autcraft, kwa ajili yao na jamaa zao, ambapo haingii mtu ila aliyekubaliwa kwanza. Mlango huo wa kupimwa watu ni msaada pia, ingawa hakuna aliyepewa hata almasi moja.

Na ulio karibu nasi zaidi ni mfano wa Nairobi. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lilishirikiana na Mojang kuanzisha kazi iitwayo Block by Block, ili wenyeji wa mahali wachore wao wenyewe kwa Minecraft jinsi wanavyotaka uwanja au bustani yao iwe. Uwanja wa michezo wa Silanga, huko Kibera, ulikuwa miongoni mwa kazi za kwanza. Katika mikutano ya kazi hiyo wenyeji huketi kwa vikundi vidogo kwenye kompyuta, wengine wao wakiwa hawajapata kuigusa kabla ya siku ile. Fikirini jinsi ilivyo rahisi, mahali kama hapo, kijana mwepesi kumnyang'anya mama mtu mzima kifaa na kusema, "Niachie, nitakujengea mimi." Uwanja ungechorwa upesi, lakini ungekuwa uwanja wa kijana.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya vijana: Mgeni amekuomba almasi waziwazi, wala hataki kufundishwa, utamjibuje? Umeokota vitu vya mtu aliyekufa, naye ametoka katika mchezo kabla hujamrudishia. Utaviweka wapi, na atajuaje? Mdogo wako amejenga nyumba karibu sana na shimo refu, nawe waliona shimo, yeye halioni. Je, utaliziba usiku akiwa amelala, au utangoja asubuhi umwonyeshe?