Wafanyakazi wanaondoka kila masika

SWALI: Nina hoteli ndogo Paje, Unguja. Kila Aprili napunguza wafanyakazi, na wageni wakirudi Julai wale wazuri wameshachukuliwa kwingine. Vijana wa hapa kijijini nao hawadumu. Nifanyeje?

JIBU: Mpishi aliyekaa miezi mitatu bila kipato lazima atafute pa kulisha watoto. Anza na wale ambao wakikosekana hoteli inasimama: mpishi mkuu, mtu wa mapokezi, fundi wa pampu na jenereta. Wape mkataba wa mwaka mzima. Likizo zao ziangukie Aprili na Mei, siku zinazobaki wapake rangi, wabadilishe makuti, wajifunze Kiitaliano au Kifaransa. Mishahara hiyo itauma, lakini ipime na hasara ya kufundisha mpishi mpya vyumba vikiwa vimejaa.

Kuhusu vijana wa kijijini, sikubaliani kabisa na wanaosema ni wavivu. Tazama ratiba yako. Zamu ikiisha saa tano usiku, binti wa kijiji jirani cha Jambiani anarudije kwao na daladala zimekwisha? Wazazi wakimkataza wana haki. Weka gari la kuwafikisha nyumbani, au mpe zamu ya asubuhi. Wengine wanaacha kwa sababu wanalazimishwa kubeba pombe, jambo linalogusa imani yao. Wapange hao jikoni au mapokezi.

Chukua pia wanafunzi wa utalii wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kampasi ya Maruhubi, kwa mafunzo ya vitendo. Walipe posho, na anayefanya vizuri umwahidi kazi kwa maandishi kabla hajaondoka.