SOMO LA AFYA: Tupate Wapi Nguvu za Kumaliza Siku?

Somo letu la leo lilianza kwa mama mmoja aliyesinzia mkutanoni. Ilikuwa alasiri, siku ya kuhesabu mchango, na watu wakacheka. Mweka hazina akamwambia, "Mama, unahitaji mazoezi." Yule mama akainua kichwa akauliza, "Mazoezi gani tena? Tangu saa kumi na moja asubuhi niko kwa miguu. Maji nimechota, ng'ombe nimekamua, shamba nimelima. Nikimbie saa ngapi?"

Mimi nilikubaliana naye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kila wiki. Kulima, kubeba kuni na kutembea kwenda sokoni ni mazoezi pia. Mama huyo alikuwa anamaliza dakika zake kabla ya Jumatano! Basi swali letu liwe lingine: kwa nini amechoka hivi?

Alipokwenda dispensari akapimwa, damu ilikuwa chini. Damu ndiyo inayopeleka hewa safi kwenye misuli. Ikipungua, mtu huhema akipanda kilima kidogo tu, kichwa kinazunguka, na usingizi unamjia mchana. Wengine humwita mvivu. Malaria huleta hali hii, minyoo ya safura pia, hedhi nzito na mimba za karibu karibu. Kwa hivyo ukichoka wiki nzima hata baada ya kupumzika, nenda ukapimwe kwanza. Usinunue dawa dukani kwa kukisia.

Chakula husaidia sana. Maini, omena, ndengu, maharagwe na mboga kama terere vina madini ya kujenga damu. Kula pamoja na chungwa, limau au nyanya, mwili utayapokea vizuri zaidi. Lakini chai (najua hapa mtanikasirikia) huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Si lazima uiache. Ngoja tu kama saa moja baada ya kula ndipo unywe.

Tazameni pia jinsi tunavyobeba mizigo. Jerikani ya lita 20 ni kilo 20. Ukiinama na kuinyanyua kwa mgongo, mgongo utalia usiku. Chuchumaa, iweke karibu na mwili, kisha uinuke kwa nguvu za miguu. Ukiweza, beba mbili za lita 10, moja kila mkono, uzito ugawanyike. Na baada ya kulima saa nzima, simama, weka mikono kiunoni, ujinyooshe nyuma polepole mara tano.

Sasa tuje kwa wale wanaokaa. Mwenye duka hukaa. Fundi cherehani hukaa. Kijana wa boda boda naye anadhani amefanya kazi ya mwili kutwa, kumbe pikipiki ndiyo imefanya kazi! Hata mwenyekiti wetu hupanda boda kuja mkutanoni, na kwake ni mwendo wa dakika kumi na tano. Hawa pia hulalamika uchovu, na dawa yao ni kusogea. Moyo uliozoeshwa husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hivyo kazi ile ile haikuchoshi tena. Kutembea kwa bidii pia husaidia kuzuia presha na sukari. Anza na dakika 10 kwa siku, uongeze kidogo kidogo. Kipimo ni rahisi: uweze kuongea ukitembea, lakini usiweze kuimba. Ukisikia maumivu kifuani, simama na utafute daktari.

Jambo la mwisho ni usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Anayelala saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri hajafikisha, hata akila vizuri namna gani.

JADILIANENI

1. Kila mmoja ataje saa anayolala na saa anayoamka. Mwandishi wa kikundi aandike.

2. Ni nani kati yetu anayelala saa chache zaidi? Ni kazi zipi zinazomzuia?

3. Ni kazi gani moja anayoweza kupunguziwa wiki hii, na nani nyumbani kwake, mume au vijana, ataifanya?