Moyo Umetulia, Dawa Isiachwe

Kosa linalorudisha watu wodini

Mgonjwa aliyekuwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ametibiwa kwa mrija uliopitishwa kwenye mshipa wa paja. Sasa anapanda ngazi bila kuhema. Baada ya wiki chache anasema, "Nimepona, vidonge vya nini tena?" Anaviacha. Anayerudishwa hospitali hana nguvu mkono mmoja na mdomo umekwenda upande.

Pale palipounguzwa na mrija ndani ya moyo pana majeraha. Damu huweza kuganda humo, na donge likifika kichwani ni kiharusi. Ndiyo maana dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, huendelea kwa angalau miezi 2 au 3. Mzee, mwenye presha au kisukari, au aliyewahi kupata kiharusi huweza kuandikiwa ya maisha. Mwenye kuisimamisha ni daktari. Nafuu si ruhusa ya kuacha dawa.

Saa ya dawa

Iwe moja kila siku. Wengi humeza warfarini mara taarifa ya habari ya saa 2 usiku inapoanza.

Warfarini ikisahaulika

Imezwe siku hiyohiyo. Siku ikishapita, asimeze mbili kesho yake.

Hatari za mtumiaji wa warfarini

Kipimo cha kuganda kwa damu (INR) kwa mgonjwa wa aina hii hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu huganda, kikipanda, humwagika. Mchicha, matembele na kisamvu havikatazwi, ila kiasi kisibadilike ghafla.

Duka la dawa lina mitego. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu. Flagyl na Septrin hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Mgonjwa aseme "natumia warfarini" kabla ya kuuziwa chochote, na asikubali sindano ya msuli bila kusema hivyo. Mitishamba na pombe aviepuke. Mwanamke anayehisi ana mimba amwone daktari siku hiyohiyo, kwani warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Paja

Wiki ya kwanza hakuna kubeba ndoo ya lita 20. Alama ya damu kuvilia ni kawaida. Damu ikitoka, alale chali na mtu abonyeze kwa nguvu dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, apelekwe hospitali huku pamebonyezwa.

Mapigo yakienda mbio tena

Miezi 3 ya kwanza hutokea. Ampigie daktari, na dawa asiache.

Hospitali bila kusubiri asubuhi

- Mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama.
- Kifua kubana, kuzimia.
- Choo cheusi kama lami, kutapika damu, au kugonga kichwa hata kama hakuna jeraha.
- Homa au maumivu ya kumeza ndani ya miezi 2: aeleze kwamba alitibiwa moyo kwa mrija.

Abebe vidonge vyote na kadi ya kliniki. Na kama aliacha dawa, aseme aliiacha siku gani.